Mashine Iliyorudi Nyuma

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu msichana anacheza dansi na roboti. Msichana akisogea, roboti linarudi nyuma. Akinyoosha mkono, linajikunja. Mjukuu anashangilia! Nikamwambia azime, maana nilimkumbuka dada yangu, na roho ikaniuma.

Dada alikuwa mchezaji wa mbele katika kikundi cha ngoma cha akina mama pale kwetu Itetemia. Enzi za Ujamaa hizo, mgeni mkubwa akija Tabora wao ndio wanaoitwa. Na kwetu mchezaji akitaka kukuheshimu, anakujia akicheza mpaka miguuni pako, anapiga goti, anakuinulia uso. Nawe unamfuta jasho kwa kanga yako. Ukirudi nyuma umemtukana yeye na ukoo wake mzima.

Basi wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Walitandika reli fupi uwanjani, juu yake kigari, na juu ya kigari mashine ya kupigia picha, jicho lake moja limetukodolea. Dada akaitazama, akaona kumbe huyu ndiye mgeni wa heshima. Ngoma ilipokolea akaifuata, akapiga goti, akainua uso. Mashine ikarudi nyuma! Akasogea tena, nayo ikarudi tena. Watu hawana dogo, wakaanza kupiga kelele, "Bwana harusi anakimbia!"

"Dada, hapana!" mkubwa wa wale watu wa filamu akafoka. "Ukisogea hivyo uso unaharibika kwenye picha." Akamwaga mstari wa majivu chini, akasema asiuvuke mtu, na ngoma ianze upya.

Dada akacheza nyuma ya majivu kama wenzake. Njiani alinuna, wee, hasemeshwi. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Lile lidude halina adabu," halafu akacheka mwenyewe. Alikuwa akicheka kwa mabega. Nilimpenda dada yangu, jamani, acheni tu.

Baadaye akaolewa, wakahamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Tura. Masika yale akafariki kwa uzazi, yeye na mtoto wake. Tulipanda treni kwenda kumzika, tukakuta kaburi limeshafukiwa. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Studio ilikuwa ya watu wa mjini. Nikaanza kuogopa kwamba nitausahau uso wake. Usiku nikifumba macho naona kanga, naona mabega, uso hauji. Ndipo mama akaikumbuka filamu.

"Yumo mle," akasema. "Tutamwona."

Tangu hapo, tukisikia tu gari la sinema limeingia mjini, sisi hao! Mara nyingi tulirudi na vumbi tu. Lakini jioni moja walifunga shuka jeupe, tukakaa chini mbele kabisa, mama kanishika mkono. Ikapita pamba, ikapita shule, halafu, Mungu wangu, uwanja wetu! Wanawake wamejipanga kule mbali, kanga za sare, vilemba vya sare, nyuso kama punje za mtama. Nikamtafuta. Nikamwona yule wa kushoto, mabega yale yale, nikalia kwa furaha. Nilitaka kumwita. Mara ngoma ikaisha, likaja trekta.

"Nimemwona!" mama akasema, machozi yanamtiririka. "Mwanangu, pale mwisho kulia. Hakubadilika hata kidogo."

Kulia?

"Ndiye, mama," nikamjibu.

Tukarudi nyumbani kila mmoja na wake. Mama amekufa akiwa na yule wa kulia. Mimi mpaka leo namlilia yule wa kushoto, na sijui kama ni dada yangu.