Mwaka wa Gemu la Magari

Mwanangu alilinunua lile gemu madukani Ruwi, hapa Maskati, likizo ya kiangazi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Lilikuwa diski ya kunakiliwa, imetiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na picha ya juu imechapwa kwa wino uliofifia. Alikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tumehamia mtaa wa Ansab si zamani, nyumba bado inanuka rangi, na mashine yake ya gemu tuliiweka sebuleni makusudi ili tuone anachocheza.

Basi tukaona. Gemu lilikuwa la jambazi katika mji mkubwa wa Kizungu. Anafungua mlango wa gari la mtu, anamvuta dereva nje, anampiga mateke, anaondoka nalo. Akitaka, analipandisha mahali wanapopita watu kwa miguu. Wengine wanaruka, wengine hawawahi. Kila gari linapompata mtu hutoka mlio mfupi, mzito, na doa jekundu hubaki chini kwa muda kisha likafutika lenyewe. Polisi wakija, anawapiga risasi.

Siku moja nilimwona amemgonga mwanamke mwenye kikapu.

"Hebu nambie, huyo mama kakukosea nini?"

"Mama, si mtu huyo. Gemu tu."

"Nnajua ni gemu. Nnauliza kakukosea nini."

Akacheka, akakata kona, akaendelea.

Nilitaka liondoke nyumbani. Aliyelitetea ni baba yake. Mume wangu alizaliwa Unguja, akaja Maskati kijana, akafanya kazi wizarani maisha yake yote. Hakuwa mtu wa makelele. Barabarani ndiyo usiseme: jamaa walimcheka kwamba hata malori ya kokoto yanampita. Aliniambia, "Mwache. Heri awe hapa nnamwona, kuliko kuwa huko nje na hawa wanaozungusha magari ya baba zao." Kweli mtaani petu walikuwapo vijana wa namna hiyo, jioni unasikia matairi yanalia. Nikaliacha libaki.

Mwezi haukwisha, mume wangu akagonga mtu.

Alikuwa anatoka Wadi Kabir, gereji, gari limetoka kutengenezwa kiyoyozi. Karibu na maghribi, njia imejaa, malori yamesimama pembeni. Mtu mmoja alitokea katikati ya malori mawili, anakimbilia ng'ambo. Mume wangu alisema hakumwona akija. Alimwona pale alipokuwa keshafika. Alikuwa kibarua wa ujenzi, Mbangali wa Bangladeshi, mkononi kashika sufuria ndogo ya chakula. Mume wangu alishuka akakaa naye chini, kwenye lami, akamwekea kilemba chake chini ya kichwa mpaka gari la wagonjwa likafika.

Yule mtu alifariki hospitali kesho yake asubuhi. Mume wangu alikuwa kituo cha polisi. Dereva wa lori mmoja alikwenda mwenyewe kutoa ushahidi kwamba gari halikuwa mbio, na kaka yangu akamdhamini, wakamwachia mchana ule. Nilikwenda na kaka kumchukua. Watoto hatukuwa tumewaeleza kitu, tulisema tu baba ana shughuli.

Tulipofungua mlango wa sebule, kiyoyozi kinavuma, mwanangu na binamu yake wamekaa chini mbele ya televisheni. Gari jekundu lilikuwa limepanda kwenye njia ya watu. Ukatoka ule mlio, mara mbili, mmoja nyuma ya mwengine. Wale watoto wakaangua kicheko.

Mume wangu alikuwa bado na viatu, na kanzu aliyolala nayo kituoni. Nilidhani atapiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alisema, "Assalamu alaykum," kama anavyosema kila siku akiingia, akapita, akenda chooni. Nikasikia maji yanamwagika, yanamwagika, hayafungwi.

Nilimwita mwanangu jikoni nikamweleza.

"Kafa?" akauliza.

"Kafa."

"Baba ndiye..."

"Baba yako hakukusudia. Lakini kafa."

Alirudi sebuleni, akamwambia binamu yake aende kwao, akachomoa waya moja moja. Mashine akaitia ndani ya boksi lake akaipandisha juu ya kabati la chumbani kwake. Mimi sikumwambia afanye hivyo.

Marehemu alikuwa na ndugu yake hapa hapa mjini. Walikuwa wakiishi pamoja Wadi Kabir, chumba cha watu wanane. Mume wangu alikwenda na kaka yangu kutoa mkono wa taazia. Kaka ndiye aliyenihadithia. Yule ndugu aliwapokea vizuri, akawakalisha kitandani maana viti havikuwapo, akawapa chai. Kwa Kiarabu chake cha kazini akasema ni amri ya Mungu. Kisha akamuuliza mume wangu kama ndugu yake alisema lolote pale chini.

Mume wangu akamjibu kwamba alisema, lakini kwa lugha yao, na yeye hakufahamu. Akajaribu kumrudishia yale maneno kama alivyoyasikia, sauti tu, hajui zinakatika wapi. Alikuwa keshayashika kwa moyo. Yule ndugu alimsikiliza, akamwomba ayaseme tena. Alipoyasema tena akajifunika uso kwa shali.

Maana yake hakuwaeleza, na mume wangu hakuthubutu kuuliza.

Baada ya hapo hakuendesha gari. Mimi nilikuwa mwalimu, nikawa asubuhi nampeleka wizarani kabla ya kwenda skuli. Alikaa pembeni yangu mikono juu ya magoti, na kila mtu akisogea ukingoni mwa barabara namwona mguu wake unakanyaga breki isiyokuwapo. Wiki zikapita hivyo.

Jioni moja, baada ya chai, akamwambia mwanangu, "Lilete lile gemu lako."

Mwanangu akanitazama. Akenda akalishusha, akaliunga, na baba yake akateremka chini kwenye busati akakaa naye.

"Nioneshe. Nnabonyeza wapi kwenda, wapi kusimama?"

Mwanangu akamwonesha. Mume wangu akaishika ile rimoti ya kuchezea kwa mikono miwili kama kitu cha moto. Akaingia kwenye gari lililokuwa limeegeshwa, halina mtu, akaondoka nalo taratibu. Ilipofika taa nyekundu akasimama. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, moja likamgonga kwa nyuma.

"Baba, humu taa hazina kazi. Pita tu."

"Nnaona."

Akasubiri mpaka ikawa kijani. Taa ya pili hivyo hivyo. Honi zinazidi kulia. Kisha mtu mmoja mwenye koti akatoka upande wa kulia akaingia njiani bila kutazama. Mume wangu akabonyeza breki, gari likateleza upande, likasimama pua yake imekaribia kumgusa. Yule mtu akaonesha ngumi, akatukana kwa Kiingereza, akaendelea na safari yake hadi ng'ambo.

"Kavuka," mume wangu akasema. "Huyu kavuka."

Akaweka rimoti chini na akalia. Ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwahi kumwona akilia, hata alipokufa mama yake. Mwanangu aliinuka magotini, akamkumbatia baba yake shingoni kwa nyuma, akakaa hivyo hivyo. Kwenye televisheni lile gari lilibaki katikati ya njia.

Sitaki kusema kwamba jioni ile ilimponya. Usukani aliushika tena miezi baadaye, na njia ya Wadi Kabir hakuipita isipokuwa siku za Idi, alipokwenda kumsalimia yule ndugu wa marehemu. Alifanya hivyo kila Idi mpaka yule bwana aliporudi kwao moja kwa moja.

Skuli, kina mama huniuliza kama magemu haya yanawaharibu watoto. Mwanangu amekuwa mtu mzima mpole, na magemu bado anacheza, ya mpira na ya vita. Ya kugonga watu hayachezi. Mara moja mtoto wa kaka yangu alimletea jipya, zuri zaidi, watu wake wanafanana na watu kweli. Akalitazama jalada, akamrudishia.

"Cheza kwenu," akamwambia. "Hapa baba yupo."