Unywele na Mita ya Kwanza

Karakana ile ilikuwa ya mashine za kuchongea mbao tangu Unywele hajazaliwa. Baba yake aliunda mashine za randa na misumeno ya meza. Yeye, kifungua mimba, alikulia humo, akilala mchana juu ya maranda kama kifaranga. Jina walimbandika mafundi, kwa kuwa visu vya randa alivyovifunga havikupishana hata kwa unywele.

Kisha wateja wakaadimika. Mashine za mzee hazikuharibika, na aliyenunua moja hakurudi tena. Mwenyewe alitania kwamba kazi nzuri ingemuua kwa njaa.

Siku moja fundi bomba, aliyeleta msumeno unolewe, aliacha mezani mita ya maji iliyokwama. Unywele akaifungua. Ndani alikuta gurudumu dogo lenye mapanga, akalipuliza, likazunguka. Akalipuliza tena. Alasiri ikayoyoma asijue. Alijihisi yumo ndani ya kijito kisicho na sauti.

Alipomwambia baba kwamba anataka kuunda mita, baba hakutaka kusikia. Maji ni adui wa mbao, alisema, na adui hakaribishwi sebuleni. Unywele akaingia kazini. Alichonga umbo la gamba la mita kwa mbao, akalitumia kutengenezea kalibu ya kumiminia shaba. Gurudumu nalo akalichonga kwa mbao. Likafura kwa maji. Mita ikahesabu ndoo saba kati ya kumi. Akachonga la pili, likafura. La tatu vilevile. Mwaka mzima aliota mapanga yakizunguka, naye akizunguka nayo. Mwishowe gurudumu pia akalisubu kwa shaba katika kalibu.

Zikapita ndoo kumi, mita ikasoma kumi. Baba akaomba zirudiwe, mara tatu, kisha akaiinamishia mita sikio.

"Inapumua," alisema polepole. "Mwanangu, niliogopa utaniacha na mashine zangu."

"Na maumbo ya kalibu nitayachonga kwa mashine za nani, Baba?"

Mzee akacheka hadi machozi yakamtoka.

Mita zikawa ndizo zilizoilisha karakana, na randa zikaendelea kuuzwa mojamoja. Macho ya mzee yalipofifia, aliketi kando ya meza ya majaribio, maji yakipita katika mita ishirini kwa mpigo, akasikiliza, akanyoosha kidole kwenye ile iliyochelewa. Unywele aliipima, na aghalabu alikuta ni kweli. Zilipokuwa sawa zote, mzee alisinzia, na Unywele akaacha maji yaendelee kupita kidogo, yambembeleze.