Picha ya Bibi Yako Iliyobaki Mabatini

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nilitoka Pasiansi kwenda Mabatini nikiwa nimekubeba mgongoni. Bibi yako alikuwa amefariki alfajiri. Ndugu walikuwa wanawasili, na mimi nilitumwa kitu kimoja tu, picha ya kutangulia mbele ya jeneza.

Picha aliyoipenda ilikuwa moja, aliyopigwa studio kwa mzee Makoye, amevaa kitenge cha Pasaka, anacheka. Ilikuwa kwenye kompyuta ya Makoye huko Mabatini, tukawa tunasema tutaisafisha siku yoyote.

Nilimkuta Makoye ameinama mbele ya kompyuta iliyoliwa na kirusi kilicholetwa na flashi ya mteja, picha zote zimepotea. Dada mmoja fundi alikuwa kando yake.

"Nilikuomba tubadilishe mfumo, baba," alimwambia taratibu. "Walioutengeneza walishaacha kuuhudumia, hauna tena kinga ya virusi vipya. Nimewaandikia, wanasema toleo hili hawaligusi tena."

"Niliogopa printa ya picha itagoma," Makoye akajibu. "Harusi zilikuwa mfululizo. Nikasema zikiisha."

Kisha akaniona, akaelewa nimefuata nini, akalia. Sikuweza kumkasirikia, na mpaka leo namhurumia. Hakuwa mvivu yule mzee. Kazi ilikuwa inaenda, na kazi ikienda ni nani anataka kuisimamisha?

Tulimzika mama kwa picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka imefifia. Amenuna kama anayegombana na mpiga picha, na huenda kweli walikuwa wanagombana.

Sasa studio ile ya Makoye ni yako, mwanangu, na nimeiona kompyuta ikikuomba uisasishe, nawe unabonyeza "baadaye". Najua wateja wamejaa. Lakini tafuta siku isiyo na harusi. Toa kwanza nakala za picha zote, uziweke mahali pengine. Jaribu mfumo mpya kwenye kompyuta moja na printa yake. Ikikubali, endelea na nyingine. Fanya hivyo wakati waliotengeneza mfumo bado wanapokea simu yako ukikwama, maana watu hawakuachii picha tu pale, wanakuachia mama zao.

Juzi uliniuliza bibi alikuwa anachekaje. Nikajaribu kukuonyesha, nikashindwa, ukaangua kicheko. Basi alikuwa anacheka hivyohivyo. Mungu akutunze, mwanangu, nawe uzitunze sura za watu.