Mfinyo wa Chini ya Meza

Fundi Makochi alifiwa na mkewe kabla ya mvua, na tangu hapo watu walimletea ushauri mwingi kuliko chakula. Oa. Hama. Fuga mbuzi. Yeye alijibu "haya" na kurudi kwenye makochi yake. Maisha yake yote alikuwa akishonea watu makochi, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama koleo. Ngozi ya kochi haivutwi kwa maneno matamu.

Kilichomnyima usingizi ni wajukuu. Kila likizo binti yake alimletea wawili, Kifaru wa kiume na Kasuku wa kike. Majina hayo walipewa na marehemu bibi yao, na hakukosea. Sasa bibi yao wa upande wa baba, mkunga mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mkunga, alikuwa amesema kwamba mwanamume aliye peke yake hatawaweza watoto. Likizo zote waje kwake. Binti hakukubali wala hakukataa.

"Twende wote hoteli ya likizo, Baba, na Mkunga pia," alisema. "Tupumzike. Tutaamua hukohuko."

Fundi alielewa. Anakwenda kupimwa.

Mchana wa kwanza ukumbi wa kulia ulijaa familia, na kila familia ilijifanya haiwajui watoto wake. Kifaru alipita kwenye bufee akinusa vipaja vya kuku, kimoja kimoja, na kuvirudisha. Kasuku alipuliza juisi kwa mrija mpaka ikachemka bila moto. Walipoketi, viazi vya kukaanga vikaanza kuruka.

Binti alikuwa amesoma mahali kwamba mtoto hakemewi, huulizwa anavyojisikia.

"Mpenzi wa mama," akasema, "tunajisikiaje tukirusha viazi?"

"Tunajisikia vizuri," Kifaru akajibu, akarusha kingine.

Baba yao alikuwa kwenye simu. Baba yao alikuwa kwenye simu tangu aoe.

Mhudumu akaja kufuta juisi, akitabasamu kwa meno tu. "Watoto ni baraka," akasema.

"Chukua mmoja," Mkunga akamwambia. Kisha akamgeukia Fundi. "Mkwe, ndio hawa unaotaka kubaki nao peke yako?"

"Ndio."

"Wakianza haya, utawafanya nini?"

Jibu lilikuwa la marehemu, naye alikwenda nalo.

Nyumbani kwao mtoto hakukaripiwa mbele ya mgeni. Alifinywa. Mkono wa marehemu ulipita chini ya kitambaa cha meza, ukalifuata paja lenye makosa, huku mdomo wake ukimuuliza mgeni habari za safari. Hakutazama. Kutazama ni kumwaibisha mtoto. Na mtoto hakulia, maana aliyelia aliongezwa. Binti huyuhuyu alikula hivyo, akakua na adabu za kumkaribisha mfalme. Baadaye ndipo akasoma vitabu.

Fundi akaamua. Kifaru alikuwa kushoto kwake, anakoroga kastadi yake tamu kwa kidole. Mhudumu alikuwa analiweka mezani bakuli kubwa la supu. Fundi akamgeukia, akatoa tabasamu lililolala tangu mazishi, akauliza, "Hali ya hewa huku ikoje?"

Mkono ukashuka.

Asichokijua ni kwamba Kifaru alikuwa ameshateleza chini ya meza kufuata kiazi. Mkunga, aliyekaa upande wa pili wa mtoto, akasogea kwenye kiti kile ili aiokoe kastadi.

Fundi akashika paja. Akashangaa mjukuu amenenepa lini. Akadhani ni bufee. Akafinya kama anayekaza ngozi kwenye mbao.

"Uwiii!"

Mkunga alisimama, na kitambaa cha meza kikasimama naye. Supu ikamiminika mapajani kwa baba wa watoto, naye hatimaye akakata simu.

"Mkwe! Umenifinya!"

Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Hata vijiko.

"Samahani, mkwe," Fundi akasema. "Nilikuwa namtafuta mjukuu."

"Kwenye paja langu?"

"Baba!" Binti alikuwa ameweka mikono kichwani. "Mama wa mume wangu, Baba!"

Fundi akaomba ardhi ipasuke. Ardhi ya hoteli ilikuwa na vigae, haikupasuka. Akaziona likizo zote zilizobaki za maisha yake: nyumba imefagiliwa, hakuna wa kuichafua, na yeye katikati ya makochi ya watu.

Kichwa cha Kifaru kikachomoza kutoka chini ya meza. Alikuwa ameona yote, tena kwa karibu kuliko mtu yeyote. Akatafuta kiti, akakaa wima kama mshumaa, akashika kijiko.

"Babu, naomba chumvi," akasema. "Tafadhali."

Mbele yake palikuwa na kastadi tu. Fundi akampa chumvi.

Kasuku akauweka mrija kando ya glasi, taratibu. "Mimi nakula vizuri, Babu. Mimi tangu zamani nakula vizuri."

Mkunga akawatazama wote wawili, huku anasugua paja.

"Nimezalisha wanawake tangu usichana wangu," akasema. "Nimeng'atwa. Nimepigwa mateke. Sijafinywa hivi. Nani kakufundisha?"

"Mke wangu."

Hakuwa amelitamka neno hilo tangu amzike. Lilitoka na kikohozi.

"Naye alikuwa anafinya hivi?"

"Yeye hakukosea paja."

Mkunga alijaribu kukunja uso, ukakataa kukunjika. Akacheka mpaka akashikilia bega la mhudumu. Fundi naye akacheka. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, kwa kuwa mezani walidhani ni ya kicheko. Binti yake peke yake hakudhani hivyo. Akamsogezea kitambaa cha mkono, hakumuuliza anavyojisikia.

Mkunga akaketi, kwa uangalifu, upande mmoja.

"Likizo waende kwa babu yao," akamwambia binti. "Mimi nimewabembeleza tangu wazaliwe, sijawahi kuombwa chumvi. Ila mkwe, punguza nguvu. Hao si makochi."

"Haya," Fundi akasema.

Kasuku akameza kwanza alichokuwa anatafuna, ndipo akafungua mdomo.

"Na wewe uje, Bibi. Mezani ukae kati yetu na Babu."