Wimbo wa Mama Spoku Ulioachwa Wazi

Jamani, kama hujawahi kumuona Mama Spoku akitunga wimbo, umepitwa. Jina lake la ubatizo ni Hildegarda, ila hapa Kisanga ukimuulizia Hildegarda watu wanakutolea macho tu. Ni fundi baiskeli, kijiwe chake kipo pale njia ya kwenda Mikumi, mikono myeusi ya grisi muda wote, na ndiye mtunzi wa kwaya ya kigango chetu. Mimi naimba sauti ya pili, kwa hiyo haya yote niliyaona kwa macho yangu.

Kusali hivi hivi hawezi. Mpe zamu ya kuongoza sala, anaishia kukohoa. Lakini akiwa anaziba pancha, anajirekodi kwenye simu: "Bwana, mtoto wa Loveth ana homa, mguse," huku anagonga rimu kwa spana, ta-ta-ta, apate mdundo. Akimaliza anarusha kwenye grupu. Sisi tukijifunza, tushasali.

"Mimi nikitunga ndiyo nimepiga magoti," anasema.

Sasa kigango chetu kina utaratibu wake wa msiba. Kila marehemu anatungiwa wimbo wake. Mtunzi anatoa mstari, watu wote makaburini wanaitikia, vijana wanafukia kwa zamu. Na hatoki mtu pale mpaka mtunzi aufunge wimbo. Ukitoka kabla, umemwacha marehemu wako mlangoni, hajaingia wala hajabaki. Hata walevi wetu hilo wanaliogopa.

Mwaka huu mahindi yakiwa yanabeba, ng'ombe wakaingia shambani kwa Wenceslaus, mdogo wake Mama Spoku. Wenceslaus hakuita mtu. Alichukua panga akamkata ng'ombe mmoja mguu wa nyuma, yule mnyama akawa analia kama mtu. Mfugaji mwenye ng'ombe akaja mbio na rungu. Pigo moja la kichwa, la pili la kichwa. Wenceslaus alikata roho kwenye bodaboda, hospitali hawajaiona, damu yake yote mgongoni kwa Abubakari aliyekuwa anaendesha.

Muuaji akakimbia. Boma lake ng'ambo ya mto likabaki na wake zake, bibi mmoja na watoto.

Asubuhi ya mazishi Goodhope, mtoto wa kwanza wa Wenceslaus, akaja kijiweni na vijana wenzake. Kila mmoja na panga limenolewa linang'aa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona mapanga mengi, kuna harusi?"

"Shangazi usitanie. Tunataka wimbo wa moto. Ukiufunga tu, sisi tunavuka mto. Habaki mtu kule, hata kifaranga."

"Na watoto?"

"Watoto wa nyoka hao."

Mama Spoku akaendelea kuzungusha gurudumu. Walipoondoka akamwita Abubakari. Nilikuwepo, nilikuwa nimefuata kitenge cha sare.

"Baba, damu ya mdogo wangu haijakauka mgongoni mwako. Nenda kwenye lile boma. Watafutie fuso, wapakie wote, wafike Mikumi. Ukishawatoa, rudi upite barabara ya makaburini, piga honi ndefu."

"Mama, vijana si watakuwa washavuka?"

"Hawatoki mpaka nifunge. Na mimi sifungi."

Abubakari akawasha pikipiki.

Makaburini akaanza. Tulizoea mstari wa kwanza kuwa sifa: alikuwa mkarimu, alipenda jumuiya. Yeye akatoa hivi:

*Bwana, ulimwona akikata, ulimwona akipigwa.*

Kiitikio: *Ishike na mikono yetu.*

Watu wakaguna. Katekista Yohana akaangalia chini. Anamsema marehemu mbele ya jeneza! Lakini utaratibu ni utaratibu, tukaitikia. Vijana wakafukia huku wamenuna, mapanga kiunoni.

Kaburi likajaa. Mama Spoku haachi. Akamuimba yule ng'ombe aliyekuwa analia. Akaimba rungu. Akaimba wake wa muuaji, bibi, watoto, mmoja mmoja, kila mstari ni ombi, na kiitikio ni kile kile. Msalaba ushasimikwa, mashada yashawekwa, jua linachoma, sauti imekuwa kama msumeno. Watu wakaanza kukaa chini.

Goodhope akamsogelea. "Shangazi, funga."

*Bwana, unamwona Goodhope.*

*Ishike na mikono yetu.*

"Funga nimesema!"

*Unaliona panga lake.*

Akalichomoa, akampiga kwa ubapa mdomoni. Ule mlio siusahau. Meno yakaruka kwenye udongo mpya wa kaburi la baba yake. Mama Spoku akakaa chini, damu inamwagika kwenye gauni, anafungua mdomo, maneno hayatoki.

Na mwingine hawezi kutoa mstari wala kufunga. Basi Costancia, sauti ya kwanza, akaanza kiitikio peke yake huku analia. Tukaingia wote. *Ishike na mikono yetu, ishike na mikono yetu*, hicho hicho tu, mpaka tukasikia honi ya Abubakari barabarani, piiiiiii!

Goodhope akasema hangojei tena. Wakatoka, wimbo uko wazi. Wakavuka mto, wakachoma nyumba zote, wakavunja zizi, wakamkatakata yule ng'ombe kilema aliyeachwa. Watu hawakukuta hata mmoja.

Mama Spoku hataki kushitaki. Sasa hivi akirekodi, "Bwana Yesu" inatoka na mluzi, na sisi kwenye kwaya tunamuiga, anacheka mpaka anajishika taya.

Juzi Goodhope kaja anakokota baiskeli, tairi la mbele halina upepo. Kakonda.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

"Silali. Namuona baba kasimama tu. Nifungie ule wimbo, shangazi, nakuomba."

Mama Spoku akachomoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni la maji. "Mdomo uliokuwa ufunge uliupiga. Funga wewe."

"Mimi si mtunzi."

"Kwani mimi nilisomea? Sema unachotaka Mungu asikie."

Viputo vinatoka kwenye maji. Halafu Goodhope, jamaa mzima, kwa sauti ya kupasuka:

*Bwana, uliniona nikimpiga shangazi.*

*Ishike na mikono yetu*, akaitikia Mama Spoku, na mluzi wake.

*Baba, ingia.*

Akaficha uso. Shangazi yake akamsukumia beseni.

"Haya, shika hapa. Kuna tundu lingine."