Zabibu Zilizotaka Madaktari Watatu

Mimba yangu ya kwanza, miaka ya tisini, ilikuwa ya miezi minne lakini tumbo lilikuwa la miezi saba. Pale kwetu Macalder kila mtu alinipa hongera ya mapacha, hata muuza dagaa wa omena akawa ananiongezea kipimo. Nikala, nikatapika, miguu ikavimba, damu ikaanza kunidondoka.

Huko hospitali ya Homa Bay walinipima kwa mashine. Daktari, mgeni kutoka upande wa Mlima Kenya, akanieleza kwamba tumboni hamna mtoto, kuna vijifuko vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu, na vikiachwa vitaniua. Nikamwambia avitoe. Akasema kutoa mimba ni jela. Mpaka wakubaliane madaktari watatu, mmoja wao wa magonjwa ya akili. Wa pili alikubali kabla chai yake haijapoa. Wa akili angetoka Kisumu, na gari lake lilikuwa bovu. Nikauliza kama zabibu nazo zina wakili. Akasema swali hilo nimwekee huyo wa akili.

Alitaka pia mume wangu na mama yangu wakae pamoja awaeleze. Hapo aligonga mwamba. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Ni kwer, mwiko mzito. Mama alikalia kitanda changu, mume akasimama nje ya dirisha ametupa mgongo, na daktari akawa anazunguka jengo akirudia kila neno. Mume alikuwa akiujibu mti wa mwarobaini uliokuwa mbele yake. Nilicheka mpaka nesi akanikaripia.

Asubuhi moja damu ikaanza kunitoka kwa wingi. Chumba cha upasuaji kilikuwa ng'ambo ya uwanja, machela haionekani, na daktari amesimama mlangoni anauliza kama wa akili ametoka Kisumu. Niliogopa sana. Nilijua nakufa, tena kwa sababu ya gari la mtu nisiyemjua.

Mama akasimama, akamwita mkwe wake dirishani bila kupaza sauti.

"Ora, mkwe wangu, ingia. Shika miguu, mimi nashika mabega. Hiyo kwer tutaiongea nikiwa bado na mtoto wangu huyu."

Mume wangu akaingia. Wakanibeba wakitazamana uso kwa uso, wodi nzima ikitazama, na daktari akaona haya kubaki mlangoni. Akatufuata mbio akifunga kamba za aproni.

Niliamka jioni, zabibu zimeshatolewa. Mama alikuwa kulia kwangu, mume kushoto, chumba kimoja, kila mtu akitazama ukuta wake. Nilitaka kucheka, nikalia.