Kufuli Linalobembea kwenye Karatasi

Wanafunzi walimbandika mwalimu wao jina la Tupuuze, kwa kuwa kila swali la fizikia aliloandika ubaoni lilianza hivyo: tupuuze upepo, tupuuze msuguano, tupuuze uzito wa kamba. Hakukasirika. Alitoka ukoo unaoheshimika, suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata siku za mapumziko, na utani wa darasani haukumpunguzia kitu.

Jumamosi moja binti yake wa pekee alikuja kumuaga. Alikuwa amepata kazi ng'ambo. Mwalimu alifurahi kwa ajili ya jina la ukoo, akachemsha chai. Alitaka kitu kimoja tu, asikie kwamba atarudi. Lakini kuomba hakukuwa desturi yake.

Basi akafunga kufuli kwenye uzi, akalining'iniza kwenye fremu ya mlango, akapiga hesabu ya muda wa kubembea kwake nyuma ya bahasha.

"Haya, pima."

Binti akatazama saa yake. Kufuli likaenda na kurudi kama bahasha ilivyosema.

"Umeona? Alama chache tu, na dunia inatii."

"Umechagua kipande kinachotii, Baba. Kwenye bahasha yako kufuli litabembea milele. Hebu litazame."

Lilikuwa limeanza kuchoka.

"Ni mfano, mwanangu. Hata ramani haina vumbi la barabara, na bado inakufikisha."

"Ukikumbuka kwamba vumbi lipo. Mama alipofariki ulipiga hesabu, ukanipeleka bweni: kuna walimu, chakula, usalama. Jibu likatoka sahihi. Kulia kwangu ulikuweka wapi?"

Mwalimu alitaka kulitetea jibu lake, akaitazama bahasha. Fomula haijawahi kudai kwamba kilichoachwa nje hakipo. Aliyedai hivyo ni yeye.

"Sikukuweka popote," alisema.

Binti akacheka kidogo, macho yamelowa. "Leo nakupa maksi, Mwalimu."

Honi ikalia nje. Alimbebea begi mpaka getini. Majirani walikuwa barazani, watu ambao ukoo ule haukuwahi kuwapa la kusimulia. Akasema mbele yao, kwa sauti:

"Rudi, mwanangu. Nyumba hii naiogopa nikiwa peke yangu."

"Sijui lini, Baba," binti akajibu dirishani. "Lakini nimesikia."

Gari likaondoka. Alibaki ameshika geti, na majirani, kwa adabu, wakaingia ndani mmoja mmoja.